Je, Yafaa Mtu Kukipenda Kitu Kisichomletea Faida?

Mwezi huu sina habari za mvua wala za mavuno, ila nina swali moja lililoletwa mlangoni pangu usiku, nami nikalijibu vibaya. Na kwa kuwa nalilijibu vibaya, naona yanipasa nilitafakari tena mbele yenu. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa mtu kukipenda kitu kisichomletea faida, na kukitumikia kwa mikono yake na kwa wakati wake?

Hapa kwetu Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, yupo fundi mmoja ambaye jina lake sitalitaja. Kazi yake ni kutengeneza redio, simu, na taa za wavuvi wa dagaa. Zamani wavuvi hao walikuwa wakienda ziwani usiku wa giza na karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi hutumia taa za umeme zenye kula betri, na betri nyingine hujazwa kwa nguvu za jua. Taa hizo zikiingia maji hufa, ndipo huletwa kwake. Ni mtu mpole, mkono wake mwepesi, na wateja humwamini. Lakini ana jambo lake moja ambalo majirani hulicheka, nalo ni kompyuta kuukuu. Chini ya kitanda chake na juu ya kabati zimo mashine ambazo maofisi yalizitupa miaka mingi iliyopita. Baadhi yake zina kioo chenye tumbo kubwa kama mtungi, ni nzito kuzibeba, wala haziwezi kufanya hata sehemu ndogo ya kazi ifanywayo leo na simu ya mkononi. Yeye huzifungua, huzisafisha, huzitengeneza, na zikiisha kuwaka huzitazama kwa furaha, kisha huzizima. Basi, ni hayo tu.

Usiku ule mkewe alikuja kwangu, naye mumewe akimfuata nyuma, ameinamisha kichwa.

“Shikamoo, Mwalimu,” akasema yule mama.

“Marahaba, mama. Karibuni. Kuna nini usiku huu?”

“Mwalimu, tuamue. Tuliweka shilingi 60,000 za sare na viatu vya binti yetu. Leo nimefungua kopo, nimekuta tupu. Mume wangu amenunua kasha bovu la chuma kwa mtu anayehama.”

“Si kasha,” akasema fundi kwa sauti ya chini. “Ni kompyuta.”

“Je, yapika? Yavaliwa? Itamfikisha mtoto shule?”

Yule fundi hakumjibu mkewe, ila alinigeukia mimi, akasema: “Mwalimu, nimekosa kwa fedha, sikatai. Lakini hiki ndicho kitu pekee ninachoweza kukijua chote, ndani na nje.”

Nalikuwa nimechoka, madaftari ya wanafunzi yalikuwa yamejaa mezani. Naliyasikia maneno yake, wala sikuyapima. Nikatoa hukumu upesi, kama mtu afukuzaye kuku: “Kesho asubuhi kawauzie wanunuzi wa vyuma chakavu, ukanunue viatu vya mtoto. Mtu mzima hachezi.” Yule mama akanishukuru. Fundi akasema, “Nimesikia, Mwalimu,” wakaenda zao. Lakini usingizi haukuja. Maneno yale ya “kukijua chote” yalinirudia kama mlio wa mbu sikioni. Nami nikajiuliza: Ni kitu gani mimi, niliye mwalimu, ninachokijua chote?

Kulipokucha nalikwenda nyumbani kwake kabla hajaiuza. Nalimkuta ameketi, kifuniko cha mashine kimeondolewa, amevaa miwani ya kukuzia. Alinionyesha ubao wa ndani, ambao juu yake umeme hupita katika njia nyembamba za shaba. Penye pembe moja palikuwa na betri ndogo iliyovuja kwa miaka mingi, na maji yake yalikuwa yameila shaba ikawa kijani. Alikuwa akipasugua kwa mswaki uliochovywa katika maji ya ndimu. Nikamwuliza, kwa nini ndimu? Akanieleza kwamba maji ya betri ya namna ile yana tabia kama ya magadi, na ukali wa ndimu huyavunja nguvu. Kisha husafishwa kwa spiriti ili yote yakauke. Halafu kila njia iliyokatika aliiunga kwa uzi wa shaba mwembamba kama unywele, akailehemu. Alikuwa amekwisha unga kumi na moja.

Nikamwambia, “Nifahamishe maneno yako ya jana.” Akanifahamisha, nami nayaandika hapa kwa kifupi, kwa faida ya wasiojua mambo haya.

Kompyuta, hata iwe kubwa namna gani, ni mkusanyiko wa vilango vidogo vya umeme, kila kimoja hufungwa au hufunguliwa, wala hakuna hali ya tatu. Vilango hivyo huitwa transista. Transista ya kwanza ilifanywa Marekani mwaka 1947 katika maabara ya Bell, nayo ilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo ya mezani, iliyo kama bibi wa kompyuta nyingi za leo. Ubongo wake, uitwao 8088, ulikuwa na transista zipatazo 29,000 katika kipande kidogo kama ukucha. Tena kampuni ile ilichapa kitabu chenye michoro ya njia zote za umeme za mashine yake, pamoja na maagizo yanayoiamsha inapowashwa, neno kwa neno. Aliyetaka alikinunua akakisoma. Lakini simu ya leo ina transista mamilioni elfu nyingi, imegandishwa kwa gundi, na michoro yake ni siri ya wenyewe. “Mwalimu,” akasema, “hii mpya twaitumia tu, hatuijui. Ikifa, twaitupa. Lakini hii ya kale, mtu mwenye subira aweza kuifuata njia kwa njia mpaka mwisho. Nikiielewa, najiona mimi ni mtu, si mteja tu.”

Basi, wasomaji, nalipotoka pale nalijua ya kwamba hukumu yangu ilikuwa nyepesi. Walakini sikujua bado kama ilikuwa ya uongo. Maana hukumu nyepesi yaweza kuwa ya kweli kwa bahati. Kwa hiyo yatupasa kupima pande zote mbili kwa mizani moja.

Tuanze na hoja za yule mama, kwani ndiye aliyedhulumiwa.

Kwanza, fedha ile haikuwa ya fundi peke yake. Ilikuwa ya mtoto, nayo iliwekwa kwa neno la wawili. Mtu akitoa kilicho chake kwa ajili ya apendacho, ni shauri lake; akitoa cha mwenziwe, huo si upendo wala elimu, ni wizi wenye jina zuri. Pili, wakati nao ni mali. Usiku anaokesha fundi na mashine ni usiku ambao mkewe yu peke yake na watoto wameachwa. Tatu, kuna hatari. Kioo kile chenye tumbo hushika umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa, nacho huweza kumwua asiyejua. Tena ndani ya vyombo hivi mna risasi na sumu nyingine, na mtoto akichezea vipande vyake, au mtu akichoma nyaya ili apate shaba, moshi wake hudhuru watu na nchi. Nne, kitu si chema kwa sababu ni cha kale tu. Wako watu wasifuo kila cha zamani, nao husema ya kale ni dhahabu. Lakini koroboi nayo ni ya kale, na moshi wake uliwatia wengi wetu kikohozi tulipokuwa tukisoma usiku. Mimi sitaki irudi.

Hoja hizi ni nzito, wala sitazificha. Lakini sasa tumsikilize mwenziwe.

Watu husema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Wazee walilisema neno hili kwa kutucheka, maana waliona jinsi moyo wa mtu unavyokimbilia kipya hata kinapomwumiza. Nao walituonya pia tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Mji wetu wa Mwanza wajua jambo hili. Mtaa wa Makoroboi umepata jina lake kwa mafundi waliogeuza makopo yaliyotupwa kuwa taa za mafuta. Na meli MV Victoria iliyoanza kazi katika ziwa letu mwaka 1961 ilipochakaa, wengine walidhani mwisho wake umefika. Lakini ilitengenezwa, ikarudi majini mwaka 2020. Jambo la kutengeneza si geni kwetu. Hata methali yasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Labda mtu atanijibu: “Meli ina faida, koroboi ilikuwa na faida, lakini mashine za fundi wako hazina.” Ni neno la haki, nami nitamjibu kwa habari ya meli nyingine.

Mwaka 1913 Wadachi waliunda meli katika mji wa Papenburg kwao Ujeruman, wakaifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku na kuileta mpaka Kigoma, wakaiunga tena. Mwaka 1915 ikashushwa katika ziwa Tanganyika. Jina lake Graf von Götzen. Mwaka 1916 vita vilipowaelemea, waliamriwa waizamishe wenyewe ili adui asiipate. Mafundi wake waliizamisha, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mitambo yake mafuta mazito, ili maji yasiile. Hebu watafakari watu wale! Walikuwa wameshindwa. Meli haikuwa yao tena; hawakujua kama itainuliwa, wala na nani. Faida gani waliitazamia? Walakini mikono yao haikukubali kuiacha mitambo mizuri ioze. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta mitambo yaweza kutengenezeka. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ikawachukua watu wa pwani za ziwa lile miaka mingi sana, na waliochukuliwa hawakuwajua waliopaka mafuta.

Nami naona katika habari hii jambo moja: ya kwamba faida haionekani sikuzote na yule anayetunza, wala katika siku zake. Mtu akiuliza, “Chafaa nini leo?” ameuliza swali jema, lakini ni nusu ya swali.

Tena sikieni habari ya Uingereza. Wakati wa vita vya pili vya dunia, fundi wa Posta aitwaye Tommy Flowers alibuni mashine ya kuhesabu kwa umeme iliyoitwa Colossus, iliyoanza kazi Bletchley Park mwaka 1944 ili kusaidia kufumbua barua za siri za adui. Haikuwa na transista, maana zilikuwa hazijabuniwa. Ilikuwa na vali, yaani vyombo vya kioo mfano wa taa, zaidi ya 1,500. Vita vilipokwisha, mashine nyingi za namna ile zilivunjwa, na michoro yake ikateketezwa kwa moto, kwa kuwa ilikuwa siri. Ikawa kama haikuwako. Mwaka 1993 mtu aitwaye Tony Sale aliazimu kuifanya upya. Alikuwa na picha chache, vipande vya michoro ambavyo mafundi wengine walikuwa wamevihifadhi, na kumbukumbu za wazee waliokuwa hai bado. Yeye na wenzake, wengi wao wakifanya bila malipo, walianza kuiwasha mwaka 1996, na mwaka 2007 kazi ikatimia. Flowers mwenyewe alifariki mwaka 1998. Kama watu wale wangaliketi wakingoja faida, wale wazee wangalikwenda na maarifa yao, na dunia ingalijua kwa uvumi tu kazi ya mikono yao. Nasi tujiulize ni mangapi ya wazee wetu, ya uhunzi, ya kuunda mitumbwi na ngoma, yaliyokwenda kwa namna hiyo hiyo, kwa sababu hapakuwa na mpumbavu mmoja wa kukaa nao bila faida.

Na nchi yetu nayo ina somo. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za Serikali zilitiwa katika mashine, lakini kazi ile haikufanikiwa. Hesabu zikavurugika hata ikabidi kuzirudia kwa mkono. Mashine zilikuwa za gharama, na waliozifahamu walikuwa wageni zaidi kuliko wenyeji. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini, na marufuku ile ilikaa miaka mingi. Wengine husema yalikuwa makosa kupiga marufuku. Wengine husema yalikuwa makosa kununua kwanza. Mimi si mwanasiasa, nami naona jambo moja tu: kitu ambacho hakuna kwetu awezaye kukifungua, hatukimiliki, hata tukiwa tumekilipa. Kikitutii leo, kesho chaweza kutugomea, nasi tusiwe na neno la kukiambia. Kwa hiyo yule aketiye usiku akiifuata njia ya umeme kwa uzi wa shaba, ingawa mashine yake haifai kitu, yeye mwenyewe yuafaa. Maana amejifunza kutoogopa kufungua.

Hapa yanipasa kuungama kosa langu. Zamani, katika shule moja nalikofundisha, tulipewa kompyuta kuukuu kadhaa, zawadi ya watu wema. Mimi ndimi niliyekabidhiwa ufunguo wa chumba. Nalikuwa na hofu kuu kwamba watoto wataziharibu. Kwa hiyo naliwaruhusu waziangalie kwa dirisha, na siku za wageni nalifungua mlango, nikazifunua vitambaa, wageni wakafurahi, nikafunga tena. Hivyo ndivyo nilivyozitunza. Miaka ikapita, unyevu wa ziwa ukaingia, panya wakala nyaya, na siku tulipotaka kuziwasha hakuna hata moja iliyoamka. Niliwanyima watoto wasiziguse ili zisiharibike, nazo zikaharibika kwa kutoguswa. Wale watoto wamekwisha kuwa watu wazima. Baadhi yao huniamkia njiani kwa heshima, nami hushindwa kuwatazama vizuri. Basi, mwenye ufunguo ule ndiye aliyemwambia fundi, “Mtu mzima hachezi.”

Lakini, wasomaji, msidhani kwamba kwa kuungama hivi nimemtetea fundi kabisa. Maana liko jambo moja gumu kuliko yote, nalo lilinisumbua zaidi ya siku tatu.

Mashine haidanganyiki. Ukiunga vibaya, haiwaki. Huwezi kuibembeleza, wala kuipa rushwa, wala kuiambia kwamba wewe ni mwana wa fulani. Kwa hiyo mtu akaaye nayo muda mrefu hujifunza kusema, “Nimekosa,” na kuanza tena. Fundi wetu amejifunza hivyo. Nimemwona kwa macho yangu mvuvi akimletea taa iliyokufa, akiwa tayari kulipa gharama ya kutiwa chombo kipya. Fundi akaifungua, akamwonyesha waya mmoja uliokatika, akaulehemu, akapokea fedha kidogo tu. Yule mvuvi asingejua kamwe kama angedanganywa, maana ndani ya chombo hapaonekani na mteja. Huu ndio uaminifu. Nalitaka kuandika kwamba mashine kuukuu humfanya mtu kuwa mwema.

Walakini ni mtu huyo huyo aliyefungua kopo nyumbani mwake, akatoa fedha ya viatu vya mtoto, asimwambie mkewe. Mkono uliokuwa mwaminifu mbele ya waya haukuwa mwaminifu mbele ya mke. Basi, elimu hii ya kweli ambayo mashine humfundisha mtu yaweza kukaa mkononi isipande moyoni. Wala si mashine tu. Wako waimbaji wenye sauti safi na maisha machafu. Wako walimu wajuao kusahihisha daftari la kila mtoto isipokuwa daftari la nyumba zao. Kukipenda kitu na kukijua vyema hakumpi mtu haki katika mambo mengine yote.

Ndipo nalipoona jinsi ya kulijibu swali letu. Kukipenda kitu kisicholeta faida si upuuzi wala si dhambi. Bali ni mojawapo ya mambo yamfanyayo mtu kuwa zaidi ya mnyama atafutaye chakula. Wacheza ngoma wetu wa Usukuma, Wagika na Wagalu, hushindana kwa nguvu zao zote, na hakuna auzaye kucheza kwake kwa kilo. Lakini upendo huo hauwezi kujihukumu wenyewe. Lazima uwe na shahidi. Na kipimo nilichokiona ni hiki: Je, mtu aweza kukifanya apendacho mbele ya macho ya wale wanaokilipia gharama? Akiweza, na waweke mpaka pamoja, naye na afurahi. Akikificha, hapo kitu hicho si mtumishi wake tena. Kimekwisha kuwa bwana wake, ijapokuwa ni redio, au bao, au hata kitabu kizuri.

Nalirudi kwao jioni, nikawaambia wote wawili kwamba nalihukumu upesi, tena upande mmoja, nikaomba radhi. Kisha nikauliza kila mtu aseme. Yule mama akanishangaza. Akasema: “Mwalimu, mimi sikuikasirikia mashine. Nalikasirika kwa kuwa hakuniuliza. Tena liko jingine. Miaka kumi na minne nimekaa naye. Usiku ngapi amekesha akiitazama hiyo? Laiti angalinitazama mimi kwa miwani ile hata kidogo, akaona nilipokatika.”

Hapana aliyecheka. Fundi aliivua miwani yake, akaishika mkononi, wala hakupata neno. Nami sikuwa na neno. Maneno ya vitabu yote yalinikimbia.

Wao wenyewe ndio waliopatana, si mimi. Mashine nyingine ziliuzwa kwa fundi mwenziwe, si kwa wachoma nyaya, na fedha ile ikanunua sare na viatu. Moja ilibaki, ile ya njia za shaba, nayo imewekwa juu ya rafu ambapo watoto wadogo hawafiki. Usiku wa kuitengeneza ni mbili kwa juma, na usiku mwingine ni wa nyumba. Binti yao, yule wa viatu, siku hizi humshikia baba yake taa, naye huuliza maswali ambayo mimi siwezi kuyajibu. Mpaka leo ninapoandika, mashine haijawaka. Fundi asema bado njia mbili hazijaonekana. Mkewe asema ikiwaka aitwe aione, lakini isiwe saa ya kupika.

Mimi nami nimefanya jambo dogo. Shuleni petu palikuwa na redio mbovu kabatini, kabati ambalo ufunguo wake ni wangu. Nimeitoa, nikaondoa betri, nikaiweka mezani mbele ya wanafunzi pamoja na bisibisi, nikawaambia, “Ifungueni.” Mmoja akaniuliza, “Mwalimu, tukiiharibu?” Nikamjibu kwamba imekwisha haribika, na tena kwamba mengine huharibika zaidi kwa kufungiwa. Walinitazama kwa mashaka kidogo, kisha wakainama.

Wasomaji wapenzi, yawezekana nimekosa tena katika hukumu hii ya pili kama nilivyokosa katika ya kwanza. Mwenye hoja bora kuliko hizi, hasa akiwa mama wa nyumba, kwa maana sauti zao ni chache katika kurasa hizi, na aandike tumsome. Nasi tulio na funguo mikononi, za vyumba, za makopo na za kabati, na tuzitazame usiku huu kabla ya kulala, tujiulize tumemfungia nani nje.